Fedha ikiwa haba, anza na habu ya nyuma

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumze na wasomaji wanaotaka kubadilisha magurudumu ya baiskeli zao za fiksi, zile zisizo na friwili, ambazo gurudumu la nyuma likizunguka na pedeli nazo huzunguka. Tunawalenga hasa wale ambao mfuko hauruhusu kukosea mara mbili. Picha za baiskeli hizi, gazetini na mitandaoni, huonyesha rimu, ile duara ya nje inayobeba tairi: rangi yake na kina chake. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, haionekani vizuri kwenye picha, na mvuto wa spoki, yaani jinsi zilivyokazwa, hauonekani kabisa. Matokeo yake mtu hulipia kinachoonekana, halafu baada ya miezi michache analipa tena kwa kile kilichojificha.

Sisi tunasuka na kunyoosha magurudumu, na hoja yetu ni hii: fedha ikiwa haba, iende kwanza kwenye habu ya nyuma, kisha kwenye mkono wa fundi atakayekaza spoki. Rimu ya kawaida iliyosukwa vizuri juu ya habu nzuri hukaa miaka. Rimu ya kifahari juu ya habu dhaifu huweza kukuangusha.

Sababu iko kwenye thredi, yaani mikato ya skrubu iliyo kwenye habu. Katika baiskeli ya kawaida cheni huvuta sproketi, lile gurudumu dogo la meno la nyuma, upande mmoja tu, mbele, na kila unapokanyaga sproketi inazidi kujikaza. Katika fiksi mpandaji hupunguza mwendo kwa kuzuia pedeli kwa miguu, kwa hiyo nguvu inarudi nyuma na kujaribu kuifungua sproketi. Habu halisi ya fiksi imechongwa ngazi mbili kwa ajili hiyo. Ngazi ya ndani ni pana, kipenyo cha inchi 1.37 na thredi 24 kwa inchi, inayokazwa kulia; hapo hukaa sproketi. Ngazi ya nje ni nyembamba kidogo, inchi 1.29 na thredi 24 kwa inchi, lakini inakazwa kushoto. Hapo hukaa ringi ya kufungia. Sproketi ikitaka kufunguka inaisukuma ringi kuelekea upande unaoikaza. Usalama wa kupunguza mwendo kwa miguu umesimama juu ya ngazi hizo mbili.

Habu za bei ya chini kabisa mara nyingi huwa za alumini laini, thredi zake hazina kina, na ngazi ya ringi ni fupi kiasi kwamba ringi hushika mizunguko miwili tu. Ringi isipokazwa sawasawa, sproketi hucheza kiduchu kila unapozuia pedeli: mbele, nyuma, mbele, nyuma. Mchezo huo hausikiki mwanzoni, ila unasaga. Siku sproketi inapong'oka, ukiigeuza utakuta vipande vya alumini vinavyong'aa, vyembamba kama unywele, vimejikunja ndani ya thredi zake. Hizo zilikuwa thredi za habu, na hakuna gundi itakayozirudisha.

Kwa hiyo ukiwa na habu mkononi, kabla hujatazama kingine, kaza sproketi nzuri kwa vidole. Iingie laini tangu mzunguko wa kwanza na isiyumbe. Kisha ringi, kwa kushoto. Hesabu mizunguko inayoshika; mitatu kwenda juu inatia moyo. Sproketi yenyewe iwe ya chuma, na thredi zake zijaze upana wote wa kitovu chake, kwani zile zilizokatwa nyembamba huweka mzigo wote kwenye thredi chache za habu.

Tahadhari na habu za pande mbili. Nyingi zina upande mmoja wa fiksi na mwingine wa friwili. Upande wa friwili una ile ngazi pana peke yake, na kwa kuwa kipimo ni kilekile, sproketi ya fiksi huingia bila ubishi, jambo linalowapoteza wengi. Wapo wanaofunga hapo ringi ya kikombe cha ekseli ya pedeli na kumwaga gundi ya thredi. Ringi hiyo inakazwa kulia kama sproketi yenyewe. Ukizuia pedeli kwa nguvu, vyote viwili hufunguka pamoja. Tunaomba kwa dhati mtu asifanye hivyo, hata kwa safari fupi. Wenye fremu yenye nafasi ya milimita 135 nyuma, kati ya sehemu zinazoshika ekseli, wana njia nyingine ya bei nafuu na salama zaidi: habu ya breki ya diski yenye matundu 6, na sproketi ya fiksi inayofungwa kwa bolti hizo 6. Pale hakuna thredi kubwa ya kulika.

Kuhusu beringi hatuna maneno mengi. Habu ya gololi na koni, ambamo gololi huru huzunguka kati ya bakuli na koni iliyo kwenye ekseli, si duni kama wauzaji wanavyosema. Ikipakwa grisi na kurekebishwa huzunguka laini kuliko nyingi za beringi zilizofungwa. Kwa kawaida nyuma huwa na gololi 9 za robo inchi kila upande, mbele 10 za inchi 3/16. Kasoro yake ni kwamba vishimo vikishachimbika kwenye bakuli la ndani ya habu, habu imekwisha, ilhali beringi iliyofungwa unaisukuma nje na kuweka nyingine. Namba yake, mfano 6000 au 6001, huandikwa kwenye kifuniko, na ni vipimo vya beringi za viwandani, si vya baiskeli pekee. Mtu asiyependa kufungua habu mara kwa mara achague hizo.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo fedha hupotea bure. Gurudumu la nyuma la fiksi hutengenezwa kwa fremu yenye nafasi ya milimita 120 kati ya sehemu mbili zinazoshika ekseli. La mbele ni milimita 100. Fremu za zamani za barabarani zilizogeuzwa fiksi huwa na 126 au 130. Tofauti hiyo huzibwa kwa washa kwenye ekseli, mradi ekseli ni ndefu ya kutosha na washa zimepangwa ili cheni ibaki imenyooka na rimu ibaki katikati. Usiibane fremu kwa nguvu ya nati. Fremu ya chuma inaweza kupindwa na fundi kwa uangalifu. Ya alumini au kaboni isiguswe.

Mstari wa cheni, yaani umbali kutoka katikati ya fremu hadi katikati ya meno ya sproketi, kwa habu nyingi za fiksi ni milimita 42 hivi. Pima na mbele, kwenye meno ya upande wa pedeli. Tofauti ikizidi milimita 2, cheni italalamika, meno yatalika upande mmoja, na hatari ya cheni kuruka itaongezeka. Kwenye baiskeli ya kawaida cheni ikiruka unasimama na kuirudisha. Kwenye fiksi inaweza kunasa na kulifunga gurudumu la nyuma papo hapo ukiwa kwenye mwendo.

Ukubwa wa rimu nao una mtego. Rimu ya 700C ina kipenyo cha milimita 622 mahali tairi linapokaa. Ile ya zamani ya inchi 27 ina 630. Majina yanakaribiana lakini matairi hayabadilishani. Ukitoka kwenye 27 kwenda 700C, ukingo wa rimu unashuka milimita 4, kwa hiyo hakikisha mikono ya breki inaweza kuteremka kiasi hicho.

Tukija kwenye rimu yenyewe: inayotufaa wengi ni ya alumini yenye kuta mbili, kina cha wastani, na upana wa ndani wa milimita 17 hadi 19, ambao hubeba matairi ya upana wa milimita 25 hadi 32 bila shida. Rimu nzuri ya aina hiyo huwa na gramu 430 hadi 500. Zile za alumini zenye kina cha milimita 40 na zaidi, zinazopendwa kwa sura, mara nyingi hupita gramu 600 kila moja. Kina husaidia kukata upepo ukiwa kwenye kasi kubwa. Kwenye safari ya kusimama na kuondoka, unasukuma uzito ule upya kila mara, na upepo wa pembeni hulishika gurudumu la mbele kama tanga. Tunaelewa mvuto wa sura, ila ajuaye analipia sura asidhani amelipia wepesi.

Jambo moja kuhusu rimu hatulilegezi. Gurudumu la mbele liwe na ukuta wa breki uliochongwa, alumini wazi isiyo na rangi, na breki ifungwe. Rangi kwenye ukuta wa breki hubanduka vipande vipande, breki ikawa inashika na kuachia, na mvua ikinyesha inateleza. Rimu zisizo na ukuta wa breki zilitengenezwa kwa viwanja vya mbio, ambako hakuna gari linalotokea ghafla. Cheni ikikatika au kuruka, miguu yako haina tena cha kuzuia, na breki ya mbele ndiyo iliyobaki.

Rimu za tairi la kubandika kwa gundi nazo hupatikana zikiwa zimetumika kwa bei ya kuvutia, kwa kuwa wanamichezo wa uwanjani huziuza. Bei inavutia kwa sababu usumbufu unafuata: gundi, kushona tairi, kubeba tairi zima la akiba. Kaboni ya bei rahisi isiyojulikana ilikotoka tunaiacha kando kabisa. Breki ikiipasha joto kwenye mteremko mrefu, ukuta wake unaweza kulainika na kufunguka.

Spoki 32 zinatosha watu wengi, 36 kwa mwenye mwili mkubwa au abebaye mizigo. Mbele unaweza kushuka hadi 28. Zisukwe kwa kupishana mara tatu, yaani kila spoki ipishane na nyingine tatu, na nyuma iwe hivyo pande zote mbili. Kusuka gurudumu la nyuma la fiksi kwa spoki zilizonyooka kama miale, bila kupishana, ni kosa la kiufundi: nguvu ya pedeli hupita kwenye spoki kwenda mbele na kurudi nyuma, na spoki iliyonyooka haina namna ya kuizuia habu isijizungushe ndani ya rimu. Chagua spoki za chuma kisichoshika kutu na nipeli, zile nati ndogo zinazoshika spoki kwenye rimu, za shaba. Nipeli za alumini hupunguza gramu chache tu na huganda kwa chumvi na jasho. Fedha ikiruhusu, chukua spoki zenye milimita 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati. Uzito unaopungua kwa gurudumu zima hauzidi gramu 40 hivi, kwa hiyo usizinunue kwa ajili hiyo. Faida yake ni kwamba sehemu nyembamba hunyumbuka, na kona ya spoki, pale inapoingia kwenye habu, haipigwi sana.

Na hapo ndipo spoki hukatika, kwenye kona. Watu hudhani imekatika kwa sababu ilikazwa mno. Mara nyingi ni kinyume chake: ililegea. Spoki iliyolegea huachia mzigo kila inapopita chini na kuuchukua tena inapopanda, mara nyingi kwa kila kilomita, na chuma kinachokunjwa na kukunjuliwa namna hiyo huchoka. Gurudumu la nyuma la fiksi lina bahati ambayo magurudumu ya gia nyingi hayana: sproketi ni moja, sahani mbili za habu, zile zinazoshika spoki, ziko umbali sawa kutoka katikati, kwa hiyo spoki za kulia na za kushoto hukazwa sawa. Mvuto wa kilo 100 hadi 120 kwa kila spoki ni lengo zuri kwa rimu nyingi za kuta mbili. Tazama kikomo cha rimu yako. Asiye na kipimo atumie sikio. Gonga spoki katikati kwa ukucha, moja baada ya nyingine, kuzunguka gurudumu lote. Zilie sauti moja. Inayolia nzito kuliko jirani zake imelegea.

Hapa tunasema jambo ambalo mwuzaji hatakwambia: huenda huhitaji magurudumu mapya. Magurudumu mengi yanayokuja na baiskeli za bei nafuu yamekazwa na mashine, kidogo na bila usawa, na koni zake zimebanwa mno juu ya grisi ya kuhesabika. Fungua habu, paka grisi, legeza koni mpaka ekseli izunguke bila kukwaruza na bila kucheza. Weka tone la mafuta kwenye kila nipeli. Kisha kaza spoki zote robo mzunguko, duara zima, pima mnyooko, rudia. Kila unapokaza, pitiliza kidogo na urudishe, maana spoki hujisokota pamoja na nipeli. Baada ya hapo shika spoki mbili mbili zinazoenda sambamba uzibane kwa nguvu za viganja, kuzunguka lote. Utasikia vilio vidogo vya spoki zikijinyoosha. Nyoosha tena, bana tena, hadi kubana kusilete mabadiliko. Rimu isipotoka nje zaidi ya nusu milimita, kazi imekamilika. Kazi hiyo ni ya jioni moja na haigharimu zaidi ya grisi na ufunguo wa nipeli.

Na kama kiu yako ni wepesi, matairi na tyubu ndivyo vya kwanza kubadilishwa. Tairi zito lenye waya pembeni linaweza kupita gramu 400. Linalokunjika la ubora wa kati huwa gramu 250 hadi 300, na unayasikia mabadiliko pedeli ya kwanza.

Habu ikiwa nzima na rimu imechoka, badilisha rimu peke yake. Tafuta yenye idadi ileile ya matundu, mpangilio uleule wa matundu kulia na kushoto, na kipenyo cha ndani, kwenye kichwa cha nipeli, kisichotofautiana zaidi ya milimita 2. Ifunge rimu mpya ubavuni mwa ile ya zamani kwa utepe, matundu ya valvu yakiwa sambamba. Legeza spoki zote, kisha hamisha moja moja kutoka rimu hii kwenda ile, kwa nipeli mpya. Mpangilio wa kupishana unabaki ulivyokuwa, na hata mtu ambaye hajawahi kusuka gurudumu hapotei njia.

Ukinunua yaliyotumika, weka rula kwenye ukuta wa breki; ukiona bonde, acha. Tazama kila tundu la spoki kwa mwanga mkali, kwani ufa huanzia pale, mwembamba na wa mviringo. Jaribu kuzungusha nipeli tano au sita. Zikikataa, gurudumu halitanyoosheka tena. Zungusha ekseli kwa vidole polepole: ukihisi kama mchanga, ni grisi au beringi, ukihisi ngazi ngazi, ni vishimo. Na usisahau thredi tulizozitaja.

Ukiwa unabadilisha gurudumu la nyuma, fikiria na idadi ya meno, hasa kama una mazoea ya kuburuza tairi, yaani kuzuia pedeli mpaka gurudumu la nyuma liteleze bila kuzunguka. Gawa meno ya mbele kwa ya nyuma na urahisishe sehemu. Namba ya chini ya sehemu hiyo ndiyo idadi ya mahali tairi litakapolika. Meno 48 kwa 16 ni 3 kwa 1: tairi huburuzwa mahali pamoja kila mara, na hutoboka likiwa bado jipya kwingine. Meno 46 kwa 16 ni 23 kwa 8, mahali 8. Meno 47 kwa 17 hutoa mahali 17. Sproketi mpya ya jino moja zaidi ni nafuu kuliko matairi.

Kufunga: safisha thredi za habu kwa mafuta ya taa na mswaki, kausha, paka grisi. Zungusha sproketi kwa mkono. Ikigoma mzunguko wa kwanza, itoe na uanze upya, usiilazimishe. Kaza kwa spana ya cheni kwa nguvu zako. Ringi ifuate, kushoto, kwa spana ya ndoana inayokaa sawasawa kwenye meno yake. Endesha ukipanda mlima mfupi, ukikanyaga mbele tu bila kuzuia pedeli, na breki ya mbele ikifanya kazi. Rudi, kaza ringi tena. Mara nyingi itakubali robo mzunguko zaidi, kwa sababu sproketi imejisogeza ndani. Bila hatua hii, kazi yote ya habu nzuri inapotea.

Ekseli iwe ya nati, si ya kufunga kwa wenzo wa haraka, na nati zikazwe niutoni-mita 30 hadi 40. Ikilegea, cheni huvuta upande wa kulia mbele na tairi hugusa fremu upande wa kushoto. Cheni iachwe na ulegevu wa sentimita moja hivi katikati. Zungusha pedeli duara zima utafute mahali inapobana zaidi, upime hapo.

Baada ya kilomita 100 za kwanza, gonga spoki tena kwa ukucha na ujaribu ringi kwa spana. Spoki iliyoshuka sauti ikazwe siku hiyohiyo, kabla haijawalegeza majirani zake.

Ni sisi,
Mafundi wa magurudumu ya baiskeli